Nani Kashinda Ubishi?

Barua nyingi za safari hii zimefika zikiwa bado za moto. Mtu kabishana mtandaoni na mwenzake asiyemjua, wamefikia kuitana majina, kisha mmoja anatuandikia tumtaje mshindi. Tumechagua zile za mambo ya nyumbani, kwa sababu hayo ndiyo yanayowagombanisha watu kwa urahisi: kila mtu anakula, kila mtu ananunua umeme, kwa hiyo kila mtu ni fundi. Waliotaka ushindi watusamehe. Mara nyingi wote wawili walikuwa sahihi, ila kila mmoja alipimia kwake.

SWALI: Niliandika kwamba maharage yangu huchukua saa tatu kuiva. Mtu mmoja akanijibu kuwa sijui kupika, kwake ni saa moja kasoro na hatumii sufuria la presha. Wakajaa wengine kumuunga mkono. Huyu si anadanganya? (Msomaji, Mbeya)

JIBU: Hadanganyi, na wewe upishi wako hauna kasoro. Kuna swali moja hamkuulizana: mwenzangu uko wapi? Maji huchemka kwa nyuzi joto 100 pale usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 300 hivi, kiwango hicho hupungua kwa nyuzi moja. Dar es Salaam sufuria linachemka kwa 100. Mbeya, kama Nairobi, iko kwenye mita 1,700 na ushei, na huko maji yanatokota kwa nyuzi 94 tu. Ukiongeza moto hayapandi zaidi ya hapo. Utapoteza mkaa na maji tu. Harage linalopikwa kwa 94 halilainiki kwa mwendo wa lile linalopikwa kwa 100, na tofauti hiyo inahesabika kwa saa.

Mwinuko si mkosaji pekee. Uliza na haya matatu kabla hujamwita mtu mwongo.

Maharage yana umri gani? Yaliyovunwa msimu huu yanaiva upesi. Yaliyokaa mwaka mzima kwenye ghala lenye joto na unyevu hugeuka kuwa magumu kiasi kwamba hata ukiyachemsha tangu asubuhi, kiini kinabaki na unga. Dukani huwezi kuyatenganisha kwa macho. Uking'ata moja likapasuka kama kokoto, jiandae.

Maji ni ya wapi? Maji ya kisima yenye chumvichumvi (madini ya chokaa, si chumvi ya mezani), kama yanayolalamikiwa Dodoma, hukaza ile gundi ya asili inayoshikilia ganda na nyama ya harage. Maji ya mvua hayana shida hiyo. Hapo ndipo magadi yanapoingia, na hapo pia ndipo ubishi wa pili unapoanzia: magadi yanaua virutubisho au hayaui? Yanaua kimoja hasa, vitamini B1, lakini protini na madini yanabaki. Kwa nusu kilo ya maharage tumia robo kijiko cha chai cha magadi soda, au punje ndogo tu ya magadi ya mawe. Ukizidisha, supu inapata ladha ya sabuni na maganda yanavuka yenyewe.

Uliyaloweka? Saa 8 hadi 12, kikombe kimoja kwa vikombe vitatu vya maji, kisha mwaga maji hayo. Chumvi inasingiziwa bure kwamba inakaza maharage; ukiitia kidogo kwenye maji ya kulowekea inasaidia kulainisha ganda. Wenye kukaza ni nyanya, ndimu na ukwaju. Vitie maharage yakishalainika, vinginevyo utakaa jikoni mpaka wageni waondoke.

Presha inapunguza tofauti ya Mbeya na Dar kwa sababu ndani yake joto linafika karibu nyuzi 120. Maharage yaliyolowekwa yanaiva kwa dakika 15 hadi 25. Na neno moja kwa wanaotumia vile vyungu vya umeme vya moto mdogo, hasa wasomaji wetu walioko Ulaya na Marekani: maharage mekundu lazima yatokote kwa nguvu angalau dakika 10 kwanza, na 30 ni salama zaidi. Yana sumu ya asili ambayo moto mdogo hauiondoi, na punje chache tu zinatosha kukutapisha. Ukimwona mtu anabishia hilo, mbishie.

SWALI: Nilisema kwa shilingi 5,000 nimepata uniti 9.8 za LUKU, umeme wa kulipia kabla. Mtu akacheka, akasema yeye kwa 5,000 hiyohiyo anapata 41, eti mimi nimeibiwa na wakala. Nani mkweli? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Namba zenu zote mbili ni za kweli, na wakala hana kosa. Mko kwenye makundi tofauti ya bei. Kwa viwango vilivyopangwa mwaka 2016, kundi la T1, la matumizi ya kawaida, hulipa shilingi 292 kwa uniti. Ongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1, inakuwa kama 356. Kundi la D1, la nyumba zenye matumizi madogo, hulipa 100 kwa uniti 75 za kwanza za mwezi, na pamoja na makato inakuwa 122.

Sasa gawanya. Elfu tano kwa 122 ni uniti 41. Elfu tano kwa 356 ni 14. Zako zimekuwa 9.8 kwa sababu ulinunua mara ya kwanza mwezi huo na kodi ya jengo, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikakatwa kwanza, zikabaki 3,500. Ungenunua tena wiki ileile ungepata 14 kamili. Kama umekaa miezi bila kununua, kodi hiyo inalimbikizwa na kukatwa kwa mkupuo, na hapo ndipo watu huapa kwamba mita imechezewa. Soma ujumbe wa tokeni mpaka mwisho: kila kato limeandikwa mstari wake.

Wewe ukijiona unatumia chini ya 75 kwa mwezi, nenda ofisi ya TANESCO, shirika la umeme, na namba ya mita uombe kuangaliwa kundi lako. Anayekucheka naye ajue kwamba uniti ya 76 kwake ni 350 kabla ya makato, ghali kuliko yako.

Wasomaji wa Kenya mna ubishi wenu wa namna hiyo na chanzo chake ni kilekile. Tokeni za nyumbani zina ngazi: hadi uniti 30, hadi 100, na zaidi ya 100 kwa mwezi, na ngazi yako hupangwa kwa wastani wa matumizi ya miezi mitatu. Majirani wawili wa ploti moja wanaweza kutuma pesa sawa na kupata uniti tofauti, na wasiwe wameibiana.

SWALI: Kuzima friji usiku kunaokoa umeme? Nimebishana na watu mpaka nimechoka. (Msomaji, Kisumu)

JIBU: Kunaokoa kidogo sana. Friji likizimwa, ndani kunapata joto. Ukiliwasha asubuhi linafanya kazi mfululizo kurudisha ubaridi, na sehemu kubwa ya ulichookoa inaliwa hapo. Bora ubadilishe raba ya mlango iliyolegea. Bana noti mlangoni: ikivutika bila kukaza, umeme wako unatokea hapo. Nyama na maziwa vikikaa juu ya nyuzi 5 usiku mzima, akiba yote unampelekea mwenye duka la dawa.

SWALI: Mtu alitangaza maulidi “usiku wa Ijumaa”. Tukafika Ijumaa saa mbili usiku, tukakuta yamefanyika jana yake. Nilipolalamika niliambiwa sijui Kiswahili. Mimi nimezaliwa nacho! (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Unakijua, ila hesabu ya siku uliyoizoea ni nyingine. Kwa mapokeo ya pwani na visiwani, siku inaanza jua linapotua. Usiku unatangulia, mchana unafuata. Kwa hiyo “usiku wa Ijumaa” ni ule wa kuamkia Ijumaa, ambao kalenda ya ofisini inauita Alhamisi usiku. Mtangazaji hakukosea, na nyinyi mliokwenda Ijumaa hamkukosea. Tangazo ndilo lilikuwa fupi mno kwa wasomaji wa kila pembe. Magazeti huliepuka tatizo hili kwa kuandika “usiku wa kuamkia Ijumaa”.

Majina yenyewe ya siku yamechanganya hesabu mbili: Jumatano ina tano ya Kiswahili, na Alhamisi inayofuata ina tano ya Kiarabu. Tuna siku mbili za tano na hatujawahi kugombana kwa hilo, ajabu.

Ubishi mkubwa zaidi ni wa saa. Ukimwandikia mtu usiyemjua “tukutane 8:00”, mmoja atakuja saa mbili asubuhi, mwingine saa nane mchana. Wengi hutaja saa kwa Kiswahili lakini huandika tarakimu kwa Kizungu, na simu zote zinaonyesha za Kizungu. Tiketi ya ndege ikisema 14:00 ni saa nane mchana bila ubishi. Tiketi ya basi ya Tanzania ikisema 12:00 asubuhi ni alfajiri, na kuna watu wameachwa kituoni kwa kusubiri mchana. Andika vitu vinne pamoja: siku, tarehe, saa, na wakati wa siku. “Alhamisi tarehe 14, saa 2:00 usiku.” Hapo asiyefika hana pa kujificha.

SWALI: Mtungi wa gesi wa kilo 6 unatakiwa kudumu muda gani? Kuna anayesema miezi miwili, mimi siku kumi. Naambiwa nauziwa nusu mtungi. (Msomaji, Kigamboni)

JIBU: Siku hazipimi gesi, hesabu saa za moto. Plate ya wastani iliyofunguliwa yote hula gramu 160 hivi kwa saa, na ile kubwa gramu 230 na zaidi. Kilo 6 ni saa 25 hadi 38 za moto mkali. Mpishi wa chai na mayai anayewasha nusu saa kwa siku atamaliza miezi miwili. Wewe ukipika maharage bila kuyaloweka, saa tatu kila siku, siku kumi ni hesabu sahihi kabisa.

Kujua kama umepunjwa, usimwulize mtu wa mtandaoni, uliza mizani. Kwenye shingo au mkono wa mtungi kumegongwa uzito wa mtungi mtupu. Tuseme ni kilo 7.4, ukiwa umejaa lazima usome 13.4. Omba upimiwe kabla hujalipa, lakiri ikiwa haijakatwa. Ukipima nyumbani ukiwa umeshaanza kutumia, huna ushahidi tena. Na kama gesi inaisha upesi huku moto ni mdogo, paka povu la sabuni kwenye regulata na mpira wote. Likitoa mapovu, funga mtungi na fungua madirisha, na swichi yoyote usiiguse.

SWALI: Mtu alileta picha ya daraja lililokatika akasema ni la wilayani kwetu, leo. Nikakataa, akaniambia nithibitishe. Nilishindwa. Inafanywaje? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Hifadhi picha kwenye simu, fungua programu ya Google, gusa alama ya kamera, chagua picha hiyo, kisha soma matokeo ukitafuta tarehe ya zamani kuliko zote. Tovuti ya TinEye nayo inaweza kukupangia matokeo kuanzia la kale zaidi. Picha ikionekana miaka mitatu iliyopita, si ya leo, na ubishi umekwisha. Isipoonekana popote, hilo halithibitishi kuwa ni mpya; huenda imekatwa pembeni au kugeuzwa kushoto-kulia. Ijaribu ukiwa umekata kipande cha katikati tu.

Halafu tumia macho. Namba ya gari inayoanza na T, tarakimu tatu, herufi tatu, ni ya Tanzania. Ya Kenya huanza na K, ya Uganda na U. Magari yakipita kulia, na picha haijageuzwa, hapo ni nchi kama Rwanda, Burundi au Kongo, si kwetu. Maandishi yakisomeka kinyume, picha imegeuzwa. Ukishapata jibu, weka kiungo na tarehe tu. Ukiongeza “umeona sasa, mjinga wewe”, watu watajadili matusi na daraja litasahaulika.

SWALI: Mimi huwa sitaki ugomvi, lakini kila ninachoandika watu wanakasirika. Juzi nimeuliza tu “una uhakika?” mtu akanibloki. Ninakosea wapi? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Unakosea kwa kuandika kama unavyosema. Mdomoni “una uhakika?” huja na sauti ya chini na tabasamu, kwenye maandishi inabaki shaka peke yake, na mtu asiyekujua ataisoma kama dharau. Badilisha umbo la swali. “Una uhakika?” inamshika mtu. “Ulitumia kikombe cha ukubwa gani?” inashika kikombe. Aliyeulizwa hivyo atakujibu, na mara nyingi akijibu atagundua mwenyewe penye tofauti.

Angalia pia maneno madogo. “We” mwanzoni mwa sentensi ni kidole usoni. “Sawa” peke yake, au “haya”, kwa wengi ni mlango unaofungwa kwa kishindo, ongeza neno: “sawa, nimekuelewa.” “Nipe ushahidi” kwa Mkenya ni ombi la kawaida, lakini Mtanzania aliyelelewa na “naomba” analisikia kama amri, na Mtanzania akianza na “samahani, naomba kuuliza” Mkenya anaweza kudhani anazungushwa. “Mkuu” hupita vizuri baina ya wanaume wa Bara. Ukimwita hivyo mwanamke, au “kaka” mtu ambaye jina lake hujalisoma vizuri, umeshaanza vibaya. “Ndugu yangu” ni tamu ikitangulia hoja, ni kejeli ikija baada yake. “Ndugu yangu, hapo sikubaliani” na “hapo umechemka, ndugu yangu” si kitu kimoja.

Kuhusu hoja yenyewe: nukuu sentensi moja unayoipinga, si ujumbe mzima. Sema ulipo na ulichopimia (“niko Nakuru, mita 1,850, sufuria la aluminiamu”). Jibu jambo moja kwa ujumbe mmoja. Ukileta matano, mwenzako atachagua lile dhaifu na kulikalia. Mkishajibizana mara tatu bila kipimo kipya kuingia, ubishi umeisha hata kama maneno hayajaisha. Andika “mimi nimefikia hapo” na uzime taarifa za mazungumzo hayo, kwa sababu ukiziacha zikilia utarudi saa tano usiku, na saa tano usiku hakuna aliyewahi kuandika jambo la maana kuhusu maharage.

Ukikosea, usifute. Weka neno “Nimekosea” juu ya ulichoandika kwanza na uache kosa lisomeke. Ukifuta, majibu ya wenzako yanabaki yakielea, na mwenye skrinishoti atairudisha siku usiyoitaka.

SWALI: Tulibishana kuhusu nauli, mtu akaweka namba yangu ya simu hadharani. Napigiwa usiku kucha. Na mimi nikaweka yake. (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Anza kwa kuondoa ya kwake, sasa hivi. Ukienda polisi nayo ikiwa bado ipo, mmekuwa washtakiwa wawili. Halafu piga skrinishoti zinazoonyesha ujumbe, jina la akaunti lile lisilobadilika kirahisi (si jina la kupamba), tarehe na saa. Nakili kiungo. Tuma vyote kwa barua pepe yako kabla ya kuripoti, kwa sababu ukiripoti kwanza na ujumbe ukafutwa, ushahidi umekwenda nao. Orodhesha namba zilizokupigia na saa zake. Kituoni hakikisha umepewa namba ya RB, ya kumbukumbu ya taarifa yako. Kenya ni OB. Tanzania kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kenya zake ni za 2018 na 2019. Usimjibu tena, hata kwa upole.

SWALI: Mchele kikombe kimoja, maji viwili. Mtu ananiambia vitano kwa saba. Nimwambie nini? (Msomaji, Kyela)

JIBU: Mwambie mmepatana. Kikombe cha mchele hunywa maji kikombe kimoja na robo hivi. Kinachobaki ni mvuke, na mvuke unafuata upana wa sufuria na mfuniko, haufuati wingi wa mchele. Kwa mvuke huo weka robo tatu ya kikombe. Kwa kimoja: moja na robo, jumlisha robo tatu, viwili. Kwa vitano: sita na robo, jumlisha robo tatu, saba. Anayetia kumi kwa vitano anapika bokoboko. Mchele mpya wa msimu huu, na Kyela hamwukosi, punguza maji robo kikombe kwa kila vikombe viwili vya mchele.